Mpishi Mfaransa aliyeondoa adhabu katika mlo wa kupunguza unene

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alikuja kliniki kwangu akilalamikia kiu isiyokwisha na kuamka kila mara usiku kwenda haja ndogo. Tulipompima tulimkuta na ugonjwa wa kisukari. Uzani wake ulikuwa umepita kiasi na presha nayo ilikuwa juu. Nilimwandikia vidonge, kisha nikachukua karatasi nyingine na kumpangia chakula: usile hiki, acha kile, punguza hiki, kile usikiguse kabisa. Mzee aliisoma orodha kutoka juu hadi chini, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: "Daktari, sasa nitakula nini?"

Foleni nje ilikuwa ndefu. Nilimjibu harakaharaka kwamba ale mboga za kuchemsha na nyama isiyo na mafuta. Akashukuru, akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi minane akichechemea. Alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona, na sukari yake ilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Kidole hicho hatimaye kilikatwa. Nilipomuuliza juu ya mlo niliompangia, hakunificha. Aliufuata kwa majuma matatu, kisha akauacha. "Daktari," alisema, "chakula kile hakikuwa na ladha hata chembe. Nilijiona kama mfungwa, na sikuwa nimeiba."

Msomaji, wakati ule nilimlaumu mzee kwa kukosa subira. Leo najua kwamba sehemu ya lawama ilikuwa yangu. Nilimwondolea kila alichokipenda na sikumpa chochote badala yake. Ndiyo sababu leo, badala ya kueleza ugonjwa kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, nataka tujifunze kutoka kwa maisha ya mtu ambaye hakuwa daktari kamwe. Alikuwa mpishi, tena mpishi wa mikahawa ya kifahari ya Ufaransa. Jina lake ni Michel Guérard.

MTOTO WA WENYE BUCHA

Guérard alizaliwa Machi 1933 huko Vétheuil, kijiji kilicho kando ya mto Seine, si mbali na jiji la Paris. Wazazi wake walikuwa na bucha. Utoto wake ulipitia Vita Vikuu vya Pili, wakati chakula nchini Ufaransa kiligawiwa kwa kadi na siagi ilikuwa adimu. Baada ya vita, akiwa bado kijana mdogo, alikwenda katika mji wa Mantes-la-Jolie kuwa mwanagenzi wa mpishi wa keki na vyakula vitamu.

Jambo hili lina maana kubwa katika hadithi yetu. Anayepika mchuzi anaweza kuongeza maji kidogo au kupunguza chumvi kwa kukadiria. Mwoka keki hana ruhusa hiyo. Akizidisha sukari au akipunguza unga, keki huanguka. Kwa hivyo tangu ujana wake Guérard alizoea mizani. Alijua kila kitu kinachoingia katika sufuria yake, na alijua kazi ya kila kitu hicho. Mazoea hayo yalimfaa sana baadaye.

Alifanya kazi katika hoteli mashuhuri ya Crillon jijini Paris, na mnamo 1958 akapata tuzo ya Meilleur Ouvrier de France kwa upishi wa keki. Tuzo hii hutolewa kwa mafundi bora wa Ufaransa baada ya mtihani mgumu, na wapishi wa huko huithamini maisha yao yote.

Mnamo 1965 alinunua mkahawa mdogo huko Asnières, pembezoni mwa Paris, akauita Le Pot-au-Feu. Hakukuwa mtaa wa wageni wa kifahari, lakini muda si muda watu walianza kufunga safari kumfuata huko. Kizuri chajiuza. Kitabu cha mwongozo cha Michelin, ambacho hupima mikahawa na kuipa nyota moja, mbili au tatu, kilimpa nyota ya kwanza mnamo 1967 na ya pili mnamo 1971.

UPISHI MPYA

Ili uelewe alichokifanya Guérard, ni lazima ujue upishi wa kifahari wa Ufaransa ulikuwaje kabla yake. Kwa miaka mingi wapishi walifuata mtindo ulioratibiwa na Auguste Escoffier, aliyechapisha kitabu chake kikuu mnamo 1903. Katika mtindo huo mchuzi ndio mfalme. Mwingi wa mchuzi huo ulifanywa mzito kwa unga uliokaangwa katika siagi, au kwa malai ya maziwa, au kwa viini vya mayai vilivyopigwa pamoja na siagi iliyoyeyushwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikazuka kizazi cha wapishi waliotaka mabadiliko. Miongoni mwao walikuwa Paul Bocuse, ndugu wawili wa ukoo wa Troisgros, Alain Chapel na Guérard mwenyewe. Walitaka samaki asipikwe hadi akavurugika, mboga zibaki na rangi yake, na mchuzi mzito wa unga uondoke mezani. Mnamo 1973 waandishi wawili wa habari, Henri Gault na Christian Millau, waliyatangaza mawazo hayo kama amri kumi za upishi huo mpya.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba chakula hicho kipya kilikuwa cha afya kwa sababu tu kilionekana chepesi. Unga uliondolewa, lakini mara nyingi siagi na malai vilibaki. Macho yaliona wepesi. Mishipa ya damu haikuuona. Hatua iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi, na Guérard ndiye aliyeichukua.

SAHANI YA KAROTI

Mnamo 1974 Guérard alimwoa Christine Barthélémy, binti wa familia iliyomiliki vituo vya chemchemi za tiba. Wakahamia Eugénie-les-Bains, kijiji cha watu mia chache tu huko kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kijiji hicho kilipewa jina la Eugénie, mke wa mfalme Napoleon III, katika karne ya 19. Watu huenda huko kuoga na kunywa maji ya chemchemi, hasa wenye baridi yabisi na wenye unene wa kupita kiasi. Nchini Ufaransa daktari anaweza kumwandikia mgonjwa tiba ya namna hiyo, nayo kwa kawaida huchukua majuma matatu.

Huko ndiko mpishi huyu alikokutana na wagonjwa. Mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyowaona wageni waliokuja kupunguza uzani wakiketi kwa huzuni mbele ya sahani za karoti zilizokwaruzwa. Naye aliijua huzuni hiyo, kwa kuwa alikuwa amewahi kujaribu kujinyima ili apungue. Hebu fikiria: mtu mnene, mwenye maumivu ya magoti, amesafiri mbali kutafuta nafuu, na kila siku anapewa chakula kinachomkumbusha kwamba anaadhibiwa. Akirudi kwao baada ya majuma matatu atakula nini? Bila shaka atakula kile alichokuwa akikiota usiku.

Guérard hakuanza kwa kuuliza, "Niwaondolee nini watu hawa?" Alijua kwamba siagi na malai havimo katika sufuria bure. Siagi hubeba harufu, hulainisha ulimi na huufanya mchuzi ushikamane. Mwenye kuiondoa ni lazima atafute kitu kingine kitakachofanya kila mojawapo ya kazi hizo. Huo ulikuwa utafiti, ingawa maabara yake ilikuwa jiko.

Matokeo aliyaita Cuisine Minceur, yaani upishi wa wembamba. Kitabu chake, La Grande Cuisine minceur, kilitoka mnamo 1976 na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Februari mwaka huohuo jarida la Time la Marekani liliweka picha yake kwenye jalada. Mwaka huo pia alianza kuishauri kampuni ya Nestlé kuhusu vyakula vilivyogandishwa. Mnamo 1977 mkahawa wake wa Eugénie-les-Bains ulipata nyota ya tatu ya Michelin, na hakuipoteza hadi alipofariki Agosti 2024 akiwa na umri wa miaka 91. Ni miaka 47 hiyo.

ALIFANYAJE?

Hapa ndipo penye somo letu. Tuangalie mbinu zake moja baada ya nyingine.

Kwanza, uzito wa mchuzi. Badala ya unga na siagi, Guérard alitumia mboga zilizopikwa zikalainika kisha zikasagwa hadi zikawa rojo laini. Rojo la karoti, la uyoga au la nyanya hushikamanisha mchuzi vizuri, na linaongeza ladha yake lenyewe. Mojawapo ya vyakula vyake vilivyojulikana ni rojo la spinachi lililosagwa pamoja na matunda ya peasi. Utamu wa peasi unaufunika ukakasi wa spinachi, bila sukari na bila malai.

Pili, ulaini. Penye malai alitumia jibini laini jeupe lisilo na mafuta, au mtindi. Chakula kinabaki na weupe na ulaini ambao ulimi umeuzoea, lakini mafuta yamekwenda.

Tatu, supu. Alichemsha mifupa na mboga kwa muda mrefu, akaondoa mafuta yaliyoelea, kisha akaiacha supu ipungue motoni hadi ladha ikolee. Unaweza kufanya hivyo nyumbani bila chombo chochote maalumu. Iache supu ipoe, iweke penye baridi, na asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko. Yaondoe kwa kijiko.

Nne, harufu. Mbinu hii ndiyo kubwa kuliko zote. Jaribu jambo hili, msomaji: ziba pua yako kwa vidole, kisha utie kipande cha embe bivu mdomoni. Utahisi utamu tu. Achilia pua, na embe lote litakujia mara moja. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na harufu haina kalori. Guérard aliijua siri hii. Alipika nyama ya mwanakondoo juu ya nyasi kavu zenye kunukia. Alipika samaki kwa mvuke juu ya mwani wa baharini. Katika upishi wa kifahari kuku hupachikwa vipande vya uyoga ghali chini ya ngozi. Yeye alipachika majani ya pasli yaliyokatwakatwa, na kuku akatoka jikoni ananukia chumba kizima.

Tano, namna ya kupika. Alipika kwa mvuke, au ndani ya karatasi iliyofungwa ili kitoweo kiive kwa maji yake chenyewe. Sisi madaktari tunaupenda mvuke kwa sababu nyingine pia. Vitamini C na folati huyeyuka katika maji, na mboga zikichemshwa sana sehemu kubwa ya vitamini hizo humwagwa pamoja na maji. Kwa mvuke hubaki nyingi zaidi.

Sita, macho. Chakula cha minceur kiliandaliwa kwa uzuri uleule wa chakula cha wasio na masharti. Katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na wageni waliokula vyakula vinono, kwani Guérard hakuacha kuvipika. Mnamo 1978 alitoa hata kitabu chake, La Cuisine gourmande. Mgeni mwenye masharti hakuwekwa kando na sahani ya aibu.

HESABU NI HII

Tufanye hesabu ndogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Maana yake ni kwamba mafuta, yawe ya siagi, ya ng'ombe au ya mimea, yana nguvu zaidi ya maradufu ya unga kwa kila gramu. Gramu 50 za siagi, ambazo huyeyuka katika mchuzi wala usizione, zina zaidi ya kalori 350. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120.

Sasa rudi kwenye mbinu za Guérard. Gramu 100 za malai mazito zina zaidi ya kalori 300, ilhali gramu 100 za jibini jeupe lisilo na mafuta zina kalori zipatazo 50. Kwa mabadilishano ya namna hiyo aliweza kuandaa mlo wa sahani tatu, yaani kianzio, kitoweo na kitamutamu, kwa takriban kalori 600.

Kwa nini tujisumbue na hesabu hii? Kwa sababu mtu mnene mwenye kisukari au presha akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzani wake, sukari na presha yake kwa kawaida huteremka. Mtu wa kilo 100 hahitaji kuwa na kilo 60 ndipo apate faida. Kilo 5 hadi 10 zaweza kumpa nafuu, mradi zisirudi. Na hapo penye kurudi ndipo ladha inapoingia. Mlo usiolika huachwa, na uzani ukarudi.

MAMBO YA KUANGALIA

Ni wajibu wangu kukuonya pia, kwani chema hakikosi kasoro.

Mkahawa wa Guérard ulikuwa wa wenye pesa, na baadhi ya mapishi yake yanahitaji vitu ambavyo hutavipata sokoni. Chukua mbinu, usisumbuke na mapishi yenyewe.

Kitabu chake cha 1976 kilitumia vikoleza utamu visivyo sukari katika baadhi ya vitamutamu. Elimu imesonga mbele tangu hapo. Mnamo 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitu hivyo visitegemewe kama njia ya kupunguza uzani, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Ni heri kuuzoeza ulimi utamu mdogo wa matunda.

Kadhalika, usijaze nafasi ya mafuta kwa chumvi. Mtu mzima anashauriwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo katika mkate na katika vikolezo vya pakiti.

Tena, mlo huu si wa kila mtu. Watoto wanaokua, wajawazito, na wagonjwa waliokonda kwa kifua kikuu au maradhi mengine wanahitaji nguvu zaidi, wala si pungufu. Mwenye kisukari anayejidunga insulini au anayetumia baadhi ya vidonge vya kuteremsha sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafla hadi akazirai. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwani mboga na matunda mengi yana potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

SASA NITAKULA NINI?

Mnamo 2013, akiwa na umri wa miaka 80, Guérard alifungua shule huko Eugénie-les-Bains ya kuwafundisha wapishi upishi wa afya. Alitaka maarifa hayo yasibaki jikoni mwake peke yake. Mimi huona kwamba hata sisi madaktari tungefaidika kukaa darasani humo siku mbili tatu.

Yule mzee wangu bado yu hai. Baada ya kidole kukatwa, alikuja na mkewe, na safari hii sikuandika orodha ya makatazo. Nilimuuliza mama anapikaje. Alieleza kila kitu: mafuta yakimwagwa kutoka mtungini bila kupimwa, kitunguu kikikaangwa hadi kikawa cheusi, kisha nyama. Tukakubaliana mambo manne. Mafuta yapimwe kwa kijiko, kimoja kwa sufuria nzima. Mchuzi ufanywe mzito kwa nyanya na karoti zilizopondwa. Kitunguu saumu, tangawizi na dania viongezwe bila uchoyo, na dania itiwe mwisho, sufuria ikiwa inaepuliwa, ili harufu isipotee. Ndimu ikamuliwe mezani, na chupa ya chumvi ibaki jikoni. Ugali nao tuliupimia, kwa kuwa sukari ya damu huongozwa zaidi na wanga kuliko mafuta, na nafasi iliyobaki kwenye sahani tukaijaza sukuma wiki iliyopikwa kwa muda mfupi.

Mwezi uliofuata mama alinipa habari iliyonifurahisha kuliko matokeo yoyote ya maabara. Alisema watoto na wajukuu wote sasa wanakula chungu kimoja na baba yao, na hakuna aliyenung'unika. Sukari ya mzee iliteremka taratibu. Vidonge anaendelea kuvimeza, kwani upishi haukuja kuondoa dawa. Kidole hakitarudi, lakini mguu uko.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa wewe au wa kwako ameambiwa abadilishe mlo, usiondoke kwa daktari na orodha ya makatazo pekee. Muulize swali la yule mzee, na usikubali kuondoka hadi ujibiwe. Kisha ingia jikoni, na kwa kila kitu utakachokitoa katika sufuria, tafuta cha kutia mahali pake.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema na chakula chenye ladha.